Nani Anaweka Sahihi? Filamu, Wataalamu na Mkataba wa Plastiki Unaotafutwa Tangu Gigiri

Filamu ilikuwa imekwisha, na watoto walikuwa wamelala juu ya viti vilivyounganishwa viwili viwili. Tulikuwa kwenye ukumbi mmoja wa mtaa huku Eastlands, shuka jeupe limefungwa kwa kamba kwenye nguzo mbili, na kwa zaidi ya saa nzima tulikuwa tumeitazama plastiki ikisafiri: dukani, jikoni, mtaroni, mtoni, baharini. Mtaalamu tuliyemwalika, mwanasayansi wa mazingira, alizungumza vizuri kwa dakika ishirini. Alimalizia kwa kutuhakikishia kwamba jumuiya ya kimataifa inalishughulikia suala hili.

Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akainua mkono. Kazi yake ni kuchambua plastiki katika jaa la Dandora: chupa za maji kando, ndoo zilizopasuka kando, juala kando, halafu anamuuzia dalali kwa kilo.

"Asante kwa mafunzo, daktari," alisema. "Sasa huyo jumuiya ya kimataifa anakaa wapi? Na ni nani hasa anayeweka sahihi?"

"Mama, hilo ni la wanasiasa," daktari alimjibu kwa upole. "Mimi ni mtu wa maabara."

Soda zikagawiwa, watu wakaenda kuwahi matatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha mjadala, nami sikuwa na jibu. Swali la mama yule nimetembea nalo tangu siku hiyo, kwa sababu ndilo swali ninaloliona likikosekana katika maonyesho mengi ya filamu za hali halisi hapa Nairobi. Tunaonyeshwa tatizo, tunaonyeshwa uso wa anayeumia, kisha tunapewa hotuba. Njia inayounganisha uso ule na karatasi inayoamua mambo haionyeshwi. Hapa nataka kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua, nikitumia plastiki kama mfano, kwa kuwa plastiki ina sehemu ya historia yake hapa hapa mjini.

Jumuiya ya kimataifa, basi, haina nyumba moja. Lakini moja ya nyumba zake iko Gigiri, safari ya matatu mbili kutoka Dandora. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira liliundwa mwaka wa 1972, baada ya mkutano wa Stockholm, na mataifa yakakubaliana makao yake makuu yawe Nairobi. Hayo yalikuwa makao makuu ya kwanza ya shirika la Umoja wa Mataifa katika nchi zinazoendelea. Shirika la makazi nalo, UN-Habitat, liko katika uwanja huohuo. Pale Gigiri ndipo linapokutana Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo kila nchi mwanachama, zote 193, ina kiti chake.

Tarehe 2 Machi 2022, wajumbe kutoka nchi 175 walipitisha katika baraza hilo azimio namba 5/14 kuhusu uchafuzi wa plastiki. Nyundo iliyogongwa mezani kulithibitisha ilikuwa imetengenezwa kwa plastiki iliyotumika. Nje, kwenye bustani, palisimama mfereji mkubwa, yaani bomba la maji, wa karibu mita tisa ukitiririsha plastiki badala ya maji, kazi ya msanii Benjamin Von Wong, na taka zilizotumika kuujenga zilikusanywa Kibera. Picha za mfereji huo zilizunguka dunia nzima. Wengi wetu tukaamini siku ile kwamba mkataba umepatikana.

Haukuwa umepatikana. Hapa ndipo penye fundo la kwanza, na filamu nyingi hulipita bila kulifungua. Azimio la Nairobi halikupiga marufuku hata kijiko kimoja. Lilikubali jambo moja tu: kwamba nchi zitaanza kujadiliana mkataba wenye nguvu ya kisheria, utakaoitazama plastiki tangu inapotengenezwa hadi inapotupwa, na kwamba zijaribu kumaliza kufikia mwisho wa 2024. Anayejua desturi za posa atanielewa. Barua imepelekwa, imepokelewa, pande mbili zimekubali kukaa chini, lakini mahari haijatajwa na harusi haina tarehe. Ukitoka kwenye kikao kile ukatangaza kwamba watu wameoana, umewasemea maneno.

Mazungumzo yenyewe yalianza Punta del Este, Uruguay, mwishoni mwa 2022. Yakaenda Paris katikati ya 2023, yakarudi Gigiri Novemba mwaka huohuo, kisha Ottawa Aprili 2024, kisha Busan nchini Korea Kusini mwishoni mwa mwaka huo. Muda uliowekwa ukapita. Wakakutana tena Geneva Agosti 2025, na huko wakaachana bila kukubaliana.

Kwa nini? Mfereji wa Von Wong unalieleza jambo hili kuliko hotuba nyingi nilizosikia. Ukirudi nyumbani ukute sakafu imejaa maji, utaanza kupiga deki au utaanza kufunga mfereji? Nchi zimegawanyika papo hapo. Kundi moja, lililoanzishwa likiongozwa na Norway na Rwanda, linataka mkataba uguse utengenezaji wenyewe: kiasi cha plastiki mpya kipunguzwe, na kemikali zenye madhara zidhibitiwe. Upande wa pili zipo nchi kama Saudi Arabia, Urusi na Iran, zinazosema tatizo ni taka, kwa hiyo mkataba uzungumzie ukusanyaji na urejelezaji. Ili kuelewa msimamo huu lazima ujue plastiki inatoka wapi, na hili huwashangaza watu ukumbini kila mara: karibu plastiki yote hutokana na mafuta na gesi. Nchi inayouza mafuta ikisikia "punguzeni plastiki" husikia "punguzeni mapato yenu". Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kila mwaka, na katika taka za plastiki zinazotupwa, hata sehemu moja ya kumi hairejelezwi. Kwa hesabu hiyo mimi sioni jinsi deki peke yake itakavyomaliza maji.

Bado hatujafika kwenye sahihi. Kuna kanuni moja ndogo inayoamua mengi kuliko hotuba zote: mambo mazito hukubaliwa kwa muafaka wa wote. Nchi moja ikikataa kwa dhati, shughuli inasimama. Iwapo muafaka ukishindikana nchi zipige kura au la, hilo lenyewe liligombaniwa Paris mwaka wa 2023 hadi karibu siku mbili nzima zikaisha bila plastiki kuzungumzwa, na mwishowe wakakubaliana kuandika tu kwamba hawakubaliani. Tunazoea kusema penye wengi hapaharibiki neno. Katika muafaka wa wote, penye wengi neno linaweza kusimamishwa na mmoja.

Na neno ndilo hasa linalopiganiwa. Rasimu ya mkataba huja ikiwa na mabano. Maneno yaliyo ndani ya mabano ni yale ambayo hayajakubaliwa, na katika rasimu za plastiki mabano yamekuwa mamia kwa mamia. Sentensi moja inaweza kuwa na vitenzi viwili vimekaa pamoja vikisubiri kuamuliwa: nchi "sharti zipunguze", au nchi "zinahimizwa kupunguza". Cha kwanza ni deni, cha pili ni ombi. Kisha kuna vijineno kama "inapofaa" na "kwa kadiri ya uwezo wa nchi", ambavyo vikipachikwa katikati hulegeza kifungu kizima kama kamba iliyoloa.

Kuna mfano mmoja ambao huwa siachi kuutoa. Mwaka wa 2017 ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo Thank You for the Rain, ya Julia Dahr kutoka Norway akishirikiana na Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo katika kaunti ya Kitui. Musya alishika kamera mwenyewe akarekodi ukame, mafuriko na maisha ya familia yake, na safari ikamfikisha Paris kwenye mazungumzo ya tabianchi ya Desemba 2015. Ni filamu inayomkaa mtu moyoni. Lakini katika mazungumzo hayohayo ya Paris, siku ya mwisho, tarehe 12, Marekani iligundua kwamba katika kifungu cha nne, penye wajibu wa nchi tajiri wa kupunguza hewa chafu, kitenzi kilichoandikwa kilikuwa cha sharti, si cha pendekezo. Kingebaki vile, serikali ya Marekani ingelazimika kuupeleka mkataba kwenye Seneti, ambako usingepita. Kitenzi kikabadilishwa. Kilisomwa ukumbini pamoja na masahihisho mengine madogo ya uchapaji, na mkataba ukapitishwa.

Sasa niambie, kamera ingekaa wapi kulinasa hilo? Mkulima ana uso, ana shamba, ana watoto. Kitenzi hakina uso. Mtengenezaji filamu ana dakika tisini, naye lazima achague kitu ambacho jicho litakifuata. Simlaumu. Filamu hutufanya tujali, na bila kujali hakuna atakayeketi hadi saa nne usiku kusikiliza habari za mabano. Lakini kumfikisha mtazamaji hadi kwenye kitenzi ni kazi ya mazungumzo yanayofuata, na mazungumzo yakishindwa kufanya hivyo, jioni nzima inabaki huzuni tu.

Kwa nini mazungumzo hushindwa mara nyingi? Sababu moja ni ya kihistoria, nami naamini ina uzito kuliko tunavyokubali. Mtindo huu wa kuonyesha filamu kisha mtu mwenye kipaza sauti akaeleza haukuanzia kwenye kumbi za kisasa za katikati ya jiji. Mwaka wa 1939 Waingereza waliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na magari yenye projekta yakapelekwa vijijini katika makoloni ya Afrika. Filamu zilihimiza usafi, kilimo, na kuunga mkono vita vya Uingereza. William Sellers, aliyekiongoza kitengo hicho, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kasi, kwa hiyo picha zitengenezwe za polepole na sahili mno. Mfasiri alisimama kando na kipaza sauti, akawaambia watu kwa lugha yao wameona nini na wanatakiwa kufanya nini. Watu hawakuitwa pale kuuliza maswali. Hata sheria inayosimamia maonyesho ya filamu nchini, Sura ya 222, ambayo ndiyo inaipa Bodi ya Kuainisha Filamu mamlaka yake, iliandikwa mwaka wa 1962, kabla bendera ya mkoloni haijashuka.

Ninapoona jopo la watu watano wakizungumza kwa saa moja, kisha mwendesha mjadala anatangaza kwamba muda umebaki wa maswali mawili tu, naliona gari lile. Kilichobadilika ni ubora wa projekta.

Leo nafasi zipo, tena nyingi. Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, viko karibu karibu pale barabara za Monrovia na Loita, na kuingia kwenye filamu zake nyingi hulipi kitu. Docubox, mfuko wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa na Judy Kibinge, umewasaidia watengenezaji filamu wetu kusimulia habari zetu wenyewe, na filamu zao zimeonyeshwa mjini na mitaani. Vyuo vikuu, makanisa na vikundi vya vijana huonyesha pia. Ningependa kuona kumbi za mitaa kama ule wa Kaloleni zikitumika zaidi kwa kazi hii, kwa sababu mtu anayetoka kazini Industrial Area saa kumi na mbili hawezi kuvuka mji kwenda kusikiliza habari za mto unaopita nyuma ya nyumba yake.

Jambo la pili ni fedha. Projekta hukodishwa, ukumbi hulipiwa, haki ya kuonyesha filamu hugharimu, mtaalamu ana nauli. Anayelipa mara nyingi ni shirika lenye msimamo juu ya jambo linaloonyeshwa, na pengine ndilo lililogharamia filamu yenyewe. Kuwa na msimamo si kosa. Kosa ni kuuficha. Mimi siku hizi naomba jambo hili lisemwe kabla taa hazijazimwa: filamu hii imegharamiwa na nani, na ukumbi wa leo umelipwa na nani. Huchukua nusu dakika, na hubadilisha jinsi watu wanavyotazama.

Jambo la tatu ni kwamba tunamwita "mtaalamu" mtu yeyote mwenye shahada, kama vile utaalamu ni mmoja. Daktari wetu wa maabara alikuwa anajua vizuri sana plastiki inavyovunjika vipande visivyoonekana na kuingia katika samaki. Kumuuliza habari za sahihi kulikuwa kama kumuuliza fundi wa mabomba bei ya kiwanja. Kosa lilikuwa letu sisi waandaaji. Mjumbe wa serikali aliyewahi kukaa kwenye mazungumzo anajua kitenzi gani kinapiganiwa na nani, ingawa hawezi kukuambia yote. Mwanasheria anajua kitenzi hicho kikipita kitabana nini. Mwanaharakati anajua nani ameachwa nje ya chumba. Mwenye kiwanda anajua gharama. Na mchambuzi wa taka anajua kitu ambacho hao wote hawakijui: plastiki ipi dalali hainunui kamwe, kwa hiyo hubaki jaani milele. Huyo naye akae mezani na kipaza sauti chake. Maelezo yake ndiyo yanayoonyesha ni kemikali na vifungashio gani vinavyofaa kupigwa marufuku na vipi vinaweza kukusanywa.

Lugha nayo. Umoja wa Mataifa una lugha sita rasmi: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Wajumbe wakikutana Gigiri hufasiriwa kwa hizo sita. Kiswahili, lugha inayosemwa nje ya lango la uwanja huo na askari wa zamu, dereva wa matatu na muuza mahindi, hakimo. UNESCO iliitambua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka wa 2021, na nilifurahi kama wengine, lakini siku moja ya sherehe haimsaidii mtu kusoma rasimu. Mtaalamu wetu akija mtaani na maneno ya mkutanoni yalivyo, ameibeba rasimu hadi mlangoni akaiacha nje. Nimejaribu mwenyewe kufasiri ukumbini, na nakiri ni kazi ngumu. Unalazimika kuamua papo hapo kama sentensi uliyoisikia inaamrisha au inashauri. Lakini ugumu huo ndio unaofungua akili za watu. Kiswahili hakikuruhusu kujificha: "ni sharti" na "itakuwa vyema" haziwezi kuchanganywa na yeyote, hata mtoto.

Na mambo haya ya mikataba hayaishi kwenye plastiki peke yake. Mfanyabiashara wa Gikomba anayeuza mitumba aliwahi kuishi ndani ya mjadala wa aina hii bila kuitwa. Mwaka wa 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza mitumba hadi iishe ifikapo 2019, ili viwanda vyao vya nguo viinuke. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikailalamikia serikali yake, na nchi zetu zikaonywa kwamba zingepoteza nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka wa 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye mpango huo. Filamu kuhusu mitumba inaweza kukuonyesha marobota, mito iliyoziba na mafundi waliokosa kazi, yote kweli, na bado ukatoka bila kujua kwamba uamuzi ulitokana na barua ya malalamiko iliyoandikwa ng'ambo ya bahari.

Ndivyo ilivyo pia kwa fedha za tabianchi. Mwaka wa 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliziahidi nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, kiasi hicho kilifikiwa mara ya kwanza mwaka wa 2022. Mwaka wa 2024, kwenye mkutano kama huo wa Baku, likawekwa lengo jipya la dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mtaalamu akizitaja namba hizi ukumbini watu hupiga makofi. Swali la kumuuliza ni moja: ni ruzuku au ni mkopo? Kwa sababu zaidi ya nusu ya fedha za umma zinazohesabiwa humo ni mikopo. Mkulima aliyeharibiwa shamba na ukame ambao hakuusababisha anasaidiwa kwa deni ambalo mwanawe atalilipa kupitia kodi. Baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga kodi mpya, hakuna haja ya kumweleza mtu wa Nairobi uhusiano wa deni la taifa na kodi ya unga.

Turudi kwa mama wa Dandora, maana bado namdai jibu.

Kenya haikungoja dunia. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku nchini, na adhabu inaweza kufikia faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Mifuko ilipungua kweli. Anayekumbuka miti ya Nairobi ilivyokuwa imevaa juala anajua. Hata hivyo iliendelea kuingizwa kimagendo kutoka nchi jirani, jambo linaloonyesha mpaka wa sheria ya nchi moja. Shinikizo pia halikukosa. Mwaka wa 2020, Marekani na Kenya zilipokuwa zikijadili mkataba wa biashara, American Chemistry Council, chama cha kampuni za kemikali za Marekani, kiliiandikia serikali yake kikitaka mkataba huo uizuie Kenya kuweka vikwazo vipya juu ya plastiki. Ndiyo maana mkataba wa dunia nzima una maana kwetu: ungeipa sheria ya nchi ndogo ukuta wa kuegemea.

Mkataba huo ukikubaliwa siku moja, atauwekea sahihi rais, au waziri wa mambo ya nje, au mjumbe mwenye barua rasmi ya kumpa mamlaka. Hilo ndilo jibu la moja kwa moja. Lakini sahihi hiyo haiifungi nchi kikamilifu. Kinachoifunga ni kuridhia, na hapa Kenya kuridhia hakufanyiki kwenye hoteli ya ng'ambo. Sheria ya Kuunda na Kuridhia Mikataba ya mwaka wa 2012 inataka Baraza la Mawaziri liuidhinishe mkataba, kisha uende Bunge la Taifa, na kamati inayoushughulikia ni lazima ihakikishe umma umeshirikishwa. Ukipita, kifungu cha 2(6) cha Katiba kinaufanya kuwa sehemu ya sheria za Kenya, kumaanisha wakili anaweza kuusoma mbele ya jaji wa Milimani pamoja na kifungu cha 42 kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi. Na hata kabla ya hapo, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuiandikia wizara akiuliza wajumbe wetu walikwenda na msimamo gani. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Mlango huu wa umma huwa wazi kwa siku chache tu, tangazo likiwa gazetini kwenye ukurasa ambao wengi hawaufungui. Asiyekuwepo na lake halipo. Wenye viwanda hawakosi kuleta maoni yao yameandikwa na mawakili. Ukumbi uliotazama filamu, ukamsikiliza mtaalamu, ukaandika maoni yake ya ukurasa mmoja na kuyapeleka kwa karani wa Bunge, umefanya kazi kubwa kuliko ukumbi uliolia.

Na kuna kitu ambacho mama yule alistahili kuambiwa usiku ule, nami nasikitika hatukumwambia. Azimio la Nairobi la 2022 linawatambua watu kama yeye. Limeandika kwamba wafanyakazi wasio rasmi na walio katika ushirika hutoa mchango mkubwa katika kukusanya, kuchambua na kurejeleza plastiki. Hawakuingizwa humo kwa bahati; wachambuzi wa taka wa nchi mbalimbali wamekuwa wakifika mikutanoni na kudai wasikike. Lakini "kutambua" ni kitenzi cha utangulizi. Hakimlipi mtu, hakimpi glavu wala kadi ya matibabu. Kazi iliyobaki ni kukihamisha kutoka utangulizi hadi kwenye vifungu vyenye wajibu.

Miezi kadhaa baadaye tuliionyesha filamu ileile katika ukumbi uleule. Safari hii tulimwalika mwanasheria aliyewahi kuhudhuria mazungumzo, tukampa dakika kumi, na muda uliobaki ukawa wa watu. Tulikuwa tumebandika ukutani karatasi za manila zenye vitenzi vitatu vya rasimu kwa Kiswahili. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango kama kawaida yake, na mara hii alikuja na wenzake wanne kutoka jaani. Alisubiri hadi vijana walipomaliza maswali yao.

"Wakili, pale wanapotutaja sisi wachambuzi," alisema, akionyesha ukutani kwa kidole, "wametumia neno gani katika hayo matatu?"

"Ngoja nikusomee lilivyo, mama," wakili akamjibu. Akatoa simu, akaanza kuitafuta rasimu, na ukumbi mzima ukanyamaza ukimsubiri.